Tumbo la Andazi

Saa kumi na nusu alfajiri ndiyo saa pekee ambayo siagi hunitii. Bati la nyumba yangu ya kupanga hapa Kanamkemer, mjini Lodwar, limeshapoa, upepo wa usiku haujakata, na kipande cha siagi nilichokilaza ndani ya kasha la mkaa bado kinakatika kwa kisu. Siagi huanza kuyeyuka ikifikia nyuzi 32 hivi, na ikifika 35 imekuwa mafuta. Mchana wa kawaida wa Lodwar huvuka hapo. Anayetaka kukanda brioshi katika mji huu hana budi kuamka kabla ya muadhini, na awe amemaliza kazi ya mikono kabla jua halijapanda juu ya mikoma ya Mto Turkwel.

Brioshi ni mkate wa Wafaransa unaotiwa mayai na siagi kwa wingi hata ukakaribia kuwa keki. Donge lake ukilikata vidonge, ukavikaanga badala ya kuvioka, kisha ukavijaza jemu au kastadi, umepata zile donati ambazo Nairobi huuzwa katika maduka yenye vioo na kiyoyozi. Mimi huzipika nyumbani, kwenye karai, juu ya jiko la makaa, Jumamosi mbili kwa mwezi. Walimu wenzangu huniuliza najisumbulia nini na mandazi yapo kila pembe ya mji. Jibu nililonalo leo silo nililokuwa nalo nilipoanza.

Hapa vitu hufika kwa lori. Unga, sukari, hamira, mayai na siagi hutoka Kitale, karibu kilomita 300, na siagi ikifika dukani huwa imeyeyuka na kuganda tena zaidi ya mara moja. Utaijua kwa chembechembe zake ulimini. Wengi mjini wakisema siagi wanakusudia majarini, ambayo haiogopi jua sana. Nimeijaribu. Donge lake hukandika vizuri, lakini donati ikishaliwa hubaki utando kaakaani. Samli ni bora kuliko hiyo. Imeshatolewa maji, ambayo katika siagi ni kama sehemu 16 kwa 100, na Waturkana walikuwa wakisukasuka maziwa kwenye vibuyu na kujipatia samli kabla duka la kwanza halijafunguliwa Lodwar. Siku nikikosa siagi hutia gramu 80 za samli mahali pa 100, nikaongeza maziwa kidogo, na bado hakuna mgeni aliyelalamika.

Vipimo vyangu ni hivi: unga wa ngano nusu kilo, mayai matatu, maziwa mililita 150, sukari vijiko vitano vya mezani, chumvi kijiko cha chai, hamira kijiko cha chai, siagi gramu 100. Vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi huagiza hamira karibu mara mbili ya hiyo. Huku joto lenyewe ni hamira ya pili, na ukizitia zote mbili kwa ukamilifu donge litapanda upesi, litashuka upesi, na litanuka pombe kabla hujawasha jiko.

Siagi huingia mwisho. Hilo nililielewa baada ya kuharibu unga wa kutosha. Ngano ina protini ambazo zikipata maji na kukandwa hushikana zikafanya wavu, na wavu huo ndio unaoizuia hewa ya hamira isitoroke. Mafuta yakitangulia huzipaka protini hizo na kuzitenganisha. Basi kwanza hukanda unga na mayai na maziwa peke yake, robo saa nzima, mpaka nikichukua kidonge na kukitanua kwa vidole naona mwanga wa taa upande wa pili bila kuchanika. Hapo tena siagi, kipande kimoja baada ya kingine, kila kimoja kingoje cha kabla yake kimezwe. Mara ya kwanza nilikanda saa nne asubuhi. Donge likatoa jasho la mafuta, likawa linaniponyoka kama samaki, na nilipokaanga likanywa mafuta ya karai hata likawa zito kama udongo.

Kasha la mkaa nilitengenezewa na fundi wa mtaani. Ni fremu ya mbao yenye kuta mbili za wavu wa waya, na kati ya kuta hizo pamejazwa mkaa wa mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Turkana miongo kadhaa iliyopita uzuie jangwa, nao ukaenea hata ukaziba njia za mifugo. Mkaa huo huumwagia maji niliyosuuzia mboga, kwa maana maji safi hapa si ya kuchezea. Upepo mkavu ukipita, maji hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Mombasa kasha hili lisingefaa kitu, kwa sababu hewa ya pwani imeshashiba maji. Ukavu uleule unaoua mbuzi wa Turkana ndio unaopoza donge langu, na kila nikilifungua kasha hilo nalifikiri jambo hili.

Mimi nimezaliwa Mombasa, na unga wa kwanza kuujua ni wa mahamri. Nyanya yangu mzaa mama aliukanda jioni kwa tui la nazi na iliki, akaufunika kwa leso, ukalala. Jina lenyewe linatoboa siri ya kazi: hamri na hamira zimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, wa kitu kilichochachuka. Alfajiri aliusukuma, akaukata pembe tatu, akautumbukiza kwenye mafuta. Hapo ndipo nilipokuwa nikivuta kigoda nitazame. Kipande kilikaa chini ya mafuta kidogo, kikazuka, kisha ghafla kikafutuka kama kilichopuliziwa pumzi. Ule ni mvuke. Maji yaliyomo kwenye unga yamegeuka hewa, na ngozi mbili za hamri zimeachana. Nyanya aliita pale katikati tumbo. Hamri lisilofanya tumbo aliliweka kando, tukala sisi watoto. Lililofanya tumbo lilikwenda mezani, likapasuliwa ubavuni, likatiwa mbaazi za nazi.

Brioshi haifanyi tumbo. Ndani yake ni laini, imejaa vitundu vidogo vya hewa, na mpishi ndiye anayeitoboa na kuisukumia kitu. Mfuko wa kubinyia krimu sikuupata Lodwar, kwa hiyo nilinunua duka la dawa bomba jipya la sindano la mililita 60, lisilo na sindano. Linafanya kazi vizuri. Unaliingiza ubavuni, pale kwenye mshipi mweupe unaoizunguka donati iliyoumuka sawasawa, unasukuma taratibu mpaka uhisi donati inakuwa nzito kiganjani. Mara nyingi, nikiisikia ikinizidia uzito mkononi, huwaza tofauti ya wapishi wawili, nyanya na mimi. Nyanya alipika uwazi, akamwachia mlaji aujaze kwa alichonacho: mbaazi leo, maharagwe kesho, siku ya taabu chai tu. Mimi naujaza mwenyewe, naufunga, na mlaji hajui kilichomo mpaka aume.

Kila mwezi huenda Kakuma kukutana na walimu wa shule za kambi ya wakimbizi. Ni kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, kwa barabara ambayo sasa ina lami. Katika maandishi ya wageni nimekuta tena na tena kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo kitu. Neno hilo halimo katika Kiswahili changu, wala cha nyanya yangu, wala katika kamusi yoyote niliyofungua. Lakini naona kwa nini uzushi huo umependwa. Ni rahisi zaidi kuwagawia watu chakula ikiwa umeshajiambia kwamba wanaishi mahali patupu.

Kambi ilianzishwa 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipofika kwa miguu. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016, ina watu takriban 300,000. Na anayetaka kujua wametoka wapi asiulize makaratasi. Apite asubuhi kando ya Laga Tarach, mto wa msimu, ashike njia ya masoko, asikilize karai. Wasomali wanakaanga bur. Wasudani wana ligemat, vidonge vya duara vinavyodondoshwa kwa mkono kwenye mafuta, ambavyo ni kaimati zetu za Ramadhani kwa jina lilelile la Kiarabu, lenye maana ya vijitonge. Wakongo wa upande wa Kilingala husema mikate, neno ambalo kwetu ni la mkate wowote, na kwao ni la huu wa mafuta. Wakenya wana mandazi. Unga ni mmoja, mafuta ni mamoja, na kuni nyingi ni za mathenge.

Kibandani kwa mama mmoja wa Kiethiopia ndipo ninapokunywa chai nikifika. Yeye hukaanga mandazi kwa sababu ndiyo yanayonunuliwa, lakini moyo wake uko kwenye kahawa, anayoichoma mwenyewe juu ya makaa. Safari moja nilimpelekea donati nne za brioshi ambazo sikuzijaza. Kastadi ya mayai na maziwa haifai kusafirishwa saa mbili katika joto lile. Aliigeuza moja mkononi, akaibonyeza, akaitazama ikirudi.

“Hii ni bombolino, mwalimu,” akasema. “Kwetu Addis niliinunua nikienda shule.”

Neno hilo ni la Kiitaliano. Italia wana bombolone, donati ya duara inayojazwa krimu au jemu, na Waitaliano waliikalia Ethiopia kwa nguvu kuanzia 1936 hadi 1941. Walifukuzwa, andazi likabaki, likapunguzwa jina na likavuliwa ujazo; bombolino aliyoijua mama huyu haikuwa na kitu ndani. Kwa hiyo nilichodhani ninamletea kutoka mbali alikijua tangu utotoni. Nilikaa pale nikanywa kikombe cha pili.

Hayo yalikuwa kabla ya 2025. Katikati ya mwaka huo mgao wa chakula wa wakimbizi wa Kakuma ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili, kwa sababu wafadhili, Marekani mbele yao, walikata fedha. Watu walikuwa wameshaandamana kambini tangu Machi. Mimi niliuona upungufu huo mahali padogo, kwenye sinia la mama huyu. Andazi lake ni la shilingi kumi. Bei hawezi kuipandisha, maana mteja ana sarafu moja, basi kinachopungua ni andazi. Lile lililojaa kiganja likawa la kiasi cha yai, kisha likawa jembamba, kisha akaacha kutia sukari kwenye unga akawa ananyunyiza chembe chache juu, ulimi uzikute kwanza. Mpishi anayefanya hivyo anajua kazi yake na anaipigania.

Safari moja ya wakati huo sikupeleka kitu. Niliona haya. Nusu kilo ya unga, mayai matatu na siagi gramu 100, vidonge kumi na vitatu tu, katika mkoba unaopita mbele ya watoto waliopanga foleni? Neno brioshi lenyewe lina deni la zamani kwa wenye njaa. Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu cha maisha yake kilichochapwa 1782, alisimulia habari ya binti wa kifalme aliyeambiwa kwamba wakulima hawana mkate, akajibu kwamba basi wale brioshi. Baadaye watu walimbandikia Marie Antoinette maneno hayo, ingawa Rousseau alipoyaandika yeye alikuwa bado mtoto Vienna. Asiye na hatia alibebeshwa kauli, na kauli ikabaki, kwa sababu kila zama ina mtu anayestahili kuambiwa hivyo. Niliogopa nisije nikawa mimi.

Mama alinitazama mikono mitupu. “Umepika Jumamosi?” Nikamwambia nimepika. “Na sisi hukutuletea.” Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja jambo lililotokea, kisha akanimiminia chai.

Maneno yale nimerudi nayo Lodwar, na bado ninayo. Wataalamu wa misaada hupima mtu kwa kilokalori 2,100 kwa siku. Ni kipimo cha haki na laiti kingetimizwa. Sina ugomvi nacho. Lakini mtu akishapimwa hivyo kwa miaka, wanaompima na majirani wanaomhurumia hufika mahali pa kuamini kwamba njaa yake ni ya tumbo pekee, na kwamba kitamu kwake ni utovu wa adabu. Huko kuona haya kwangu, nilikodhani ni heshima, kulikuwa kumemwondoa mama yule katika hesabu ya watu wanaopelekewa kitu kizuri. Sehemu ya mgao ilipoanza kutolewa kwa simu mwaka 2015, kwa jina la Bamba Chakula, watu walifurahia jambo ambalo halimo katika kilokalori: waliweza kuchagua. Kuna aliyechagua sukari. Kuna aliyechagua unga wa ngano, akawasha jiko, akaanza kuuza.

Basi nikatafuta kitu cha kujaza kinachostahimili safari. Jemu ya dukani ni sukari iliyotiwa rangi. Nilikuwa nimenunua ukwaju sokoni nijaribu, na nilipokuwa nikiuchemsha uani, jirani yangu akaja kuangalia. Ni mama wa makamo, Mturkana, aliyehamia mjini baada ya ukame wa 2020 hadi 2023, wakati misimu mitano ya mvua ilipopita mfululizo bila mvua ya maana, kummalizia mbuzi. Alionja, akakunja uso.

“Mwalimu, unanunua utamu kwa lori, na watoto wangu wanatema mbegu zake hapa uani?”

Alikuwa akizungumzia edome. Ni tunda dogo la rangi ya machungwa la mti wa kando ya malaga. Nyama yake ni tamu na inanata kama gundi, na watoto wa Turkana hulila mkononi wakichunga. Jioni ile watoto wake waliniletea kopo zima. Niliyachemsha kwa maji kidogo, nikayapitisha kwenye chekecheke kwa mgongo wa mwiko kutoa mbegu, nikarudisha rojo motoni na sukari na ukwaju ule uliokuwa umebaki, kwa sababu edome peke yake haina uchachu. Ilitoka jemu nzito, yenye kung'aa, yenye harufu ambayo sijaikuta katika tunda jingine. Edome ndicho kitu kikubwa pekee katika donati zangu ambacho hakikushuka kwenye lori. Jirani alikaa na mimi hadi mwisho. Donati ya kwanza kujazwa aliila akiwa amesimama, kimya, akalamba kidole, akaomba ya pili ya mwanawe mdogo.

Kakuma nilipeleka nane, ndani ya kikapu cha mkoma nilichonunua kwa wasusi wa Lodwar. Mama wa Kiethiopia aliuma, jemu ikamfikia, akasimamisha taya. Alitazama ndani ya donati alipoing'ata, akatazama kibanda chake, sinia, makaa, kisha akauma tena. Alipomaliza hakusifu kitu. Aliniuliza yai ni shilingi ngapi Lodwar siku hizi, siagi ni ngapi, nimetia ngapi, zimetoka donati ngapi. Akahesabu kwa Kiamhari, midomo ikicheza.

“Siwezi kuiuza,” akasema. “Hapa hakuna wa kuinunua kwa bei yake. Lakini Genna nitapika.”

Genna ni Krismasi yao, tarehe 7 Januari. Nimeshamwekea chupa mbili za jemu ya edome ndani ya kasha la mkaa.

Nawe ukipita Kakuma asubuhi, ukamkuta mama ameinamia karai kando ya njia, na maandazi yake ni madogo kuliko uliyozoea, usimwambie yamepungua; anajua. Usimwombe akuongezee moja. Nunua mawili kwa shilingi ishirini, ule ukiwa umekaa hapohapo, na umwambie ladha yake.